Ukiingia Langoni, Upande Gani?

Kuanzia Jumatatu, tarehe tano Januari, mwaka wa 1987, hakuna mtu aliyeruhusiwa kukosa makao mjini Kisumu bila kwanza kujaza fomu. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Kitengo cha Makao na Huduma Ambatani, kwenye nguzo ya stima karibu na soko, na kwenye ukuta wa choo cha stendi ya mabasi, ambako lilisomwa kwa utulivu kuliko kwingine kote. Chini yake palikuwa na sahihi ya Bwana Gordon Ouma, Msimamizi Mkuu, kwa wino wa kijani. Wino wa buluu ulikuwa wa makarani.

Mwaka huo mataifa yote ya dunia yalikuwa yamekubaliana kuwakumbuka wasio na makao, na mataifa yakishakubaliana, lazima mahali fulani kijengwe kitu na kikatwe utepe. Wafadhili wa nchi moja ya baridi walijitolea. Kartar Singh, mkandarasi wa siku nyingi pale mjini, akajenga vyumba kumi na viwili pembeni mwa Nyalenda, kuta za mawe, mabati mapya, kila chumba na mlango wake wa kijani na dirisha la kioo. Vilipendeza mno. Vilipendeza kiasi kwamba Bwana Ouma aliajiri mlinzi siku hiyo hiyo, mzee mmoja aitwaye Opiyo, akampa rungu na kumwagiza ahakikishe watu wasio na makao hawaingii.

Huduma ambatani zilikuwa uji, mablanketi ishirini na manne, na meza ya ushauri yenye kitambaa. Uji ulipikwa kila asubuhi saa nne kwa sababu ratiba ilisema upikwe, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuunywa, wafanyakazi waliunywa kwa niaba. Bwana Ouma, akiwa mkubwa na mtu wa kuonyesha mfano, alikunywa kwa niaba vikombe viwili. Milka, karani wake wa kupiga chapa, aliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba uji umetolewa na walengwa wameridhika, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amesema uongo.

Ugumu ulikuwa kwenye kanuni, ambazo Bwana Ouma alizitunga mwenyewe kwa siku tatu mfululizo, mlango umefungwa. Kanuni ya Tatu ilisema kwamba mtu mwenye boma mashambani, liwe lake, la babaye au la mumewe, popote katika Jamhuri, hahesabiwi kuwa hana makao. Kanuni ya Nne ilikuwa ya kuwanasa waongo. Mwombaji ataulizwa, ukiingia langoni, nyumba yako iko upande gani na ni ya ngapi? Atakayesita zaidi ya nusu dakika ahesabiwe hana boma. Milka alipewa saa ya mkono kwa kazi hiyo.

Basi yeyote aliyekaa na watu wa ziwa angeweza kumwambia Bwana Ouma kitakachotokea. Kwa watu hawa mjini ni mahali pa kulala na kutafuta riziki; boma liko kwenu, na ndani ya boma kila nyumba ina mahali pake, ya mke mkubwa, ya mke mdogo, ya mtoto wa kwanza, ya wa mwisho, na hakuna anayejijengea popote apendapo. Mtu anaweza kuwa amelala miaka kumi chini ya meza ya nyanya kule Otonglo, lakini mwulize habari za boma lake, atakutajia lango, mto, kilima, na fahali aliyekufa mwaka wa njaa. Kukiri kwamba huna ni kujitukana wewe na ukoo wako wote, waliokufa na ambao hawajazaliwa.

Bwana Ouma aliijaribu fomu kwanza kwa Kartar Singh, ambaye alikuja kuchukua ngazi yake. Kartar Singh alizaliwa Kisumu, akasoma Kisumu, na India alikwenda mara mbili tu. Lakini hata swali halijafika mwisho alikuwa ameshajibu kwamba ni kijijini kwao Jalandhar, ukiingia lango, kulia, ya tatu, karibu na kisima. Milka akatazama saa. Sekunde nne. Bwana Ouma akaona fomu ni nzuri kweli kweli.

Kufikia mwisho wa Februari walikuwa wamekuja waombaji mia mbili na kumi na wanne, na wote mia mbili na kumi na wanne walikuwa na boma. Hakuna aliyesita. Bwana Ouma akaiandikia Nairobi ripoti ya ukurasa mmoja kwamba tatizo la ukosefu wa makao mjini Kisumu, baada ya uchunguzi wa kina, limeonekana halipo.

Miongoni mwa hao alikuwamo mama mmoja jina lake Selpha. Aliuza mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua nyama, akiikaanga kwenye karai kubwa kando ya barabara. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu wa shule. Mwenye nyumba alikuwa amekibomoa chumba cha udongo alichopanga Nyalenda, ili ajenge cha mawe kwa ajili ya watu wa aina nyingine, na tangu hapo Selpha na watoto walilala kwenye kibanda chake cha samaki, chenye paa la magunia. Magunia hayana ugomvi na jua. Lakini mvua ya masika ilikuwa inakuja Machi, na hilo ndilo alilokuja kulisema. Alitaka chumba kimoja kabla ya mvua, basi.

Bwana Ouma alimwuliza kama ana boma.

"Niko nayo, Bwana. Asembo, kwa marehemu mzee wangu."

"Ukiingia langoni?"

"Mkono ya kulia, ya pili. Mlango ni ya mbao, alitengeneza mwenyewe akiwa mzima."

Ilikuwa sekunde tatu, pamoja na huzuni. Bwana Ouma alimpa hongera, akagonga muhuri wa ANA MAKAO, akampa mkono. Selpha akauliza watoto walale wapi leo. Akaambiwa Asembo. Akasema shule yao iko Kisumu, na samaki yake iko Kisumu. Bwana Ouma akamweleza kwa upole kwamba umbali baina ya Asembo na Kisumu si suala la makao, ni suala la uchukuzi, na uchukuzi una wizara yake.

Selpha hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa sababu ya muhuri. Alirudi Jumatatu iliyofuata, na Jumatatu nyingine, akinuka mafuta ya samaki, na kila Jumatatu akaulizwa, akajibu, akagongewa. Akiondoka Bwana Ouma humwambia neno lile lile, "Maombi yako yanashughulikiwa, mama." Kufikia Machi jalada lake lilikuwa na mihuri tisa. Hakuna mtu katika Jamhuri nzima ambaye makao yake yalikuwa yamethibitishwa kama Selpha.

Na Bwana Ouma mwenyewe? Yeye aliishi Milimani, nyumba ya serikali namba sita, yenye vyumba vitatu vya kulala na bafu lenye maji ya moto. Mkewe alifundisha Nakuru na kuja likizo. Kwao Alego alikwenda mara mbili kwa mwaka, akifika saa nne asubuhi na kuondoka saa nane mchana, kwa sababu ya kazi. Kujenga angejenga mwaka ujao. Alikuwa amesema hivyo kwa miaka ishirini na mitano, na kila mara alikuwa akimaanisha.

Barua ya Nairobi ilifika mwanzoni mwa Machi. Ilimpongeza kwa kuondoa tatizo. Ikaendelea kusema kwamba Naibu Mkurugenzi, Bwana Wakhisi, atafika Ijumaa tarehe ishirini kuvifungua vile vyumba, na kwamba atakabidhi ufunguo kwa asiye na makao, angalau mmoja, mbele ya mpiga picha. Akipatikana, Bwana Ouma atapandishwa cheo awe Msimamizi wa Mkoa. Asipopatikana, vyumba vyote vitageuzwa ghala la mbolea siku hiyo hiyo, na Bwana Ouma atahamishiwa Mandera, kituo ambacho bado hakijafunguliwa.

Bwana Ouma alisoma barua hiyo mara tatu na uji ukampoa mkononi. Alikuwa amewamaliza wote. Katika mji mzima hakujiachia hata mmoja wa akiba.

Akaenda mwenyewe mpaka kwenye karai la Selpha, na viatu vyake vya ofisini, akasimama upande usio na moshi. Alimweleza kwamba serikali imemfikiria. Chumba namba moja ni chake Ijumaa, na mablanketi mawili, ilimradi mbele ya mgeni aseme neno dogo tu, kwamba hana boma. Selpha aligeuza kipande kimoja cha samaki, kisha cha pili. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya ziwa kila alasiri, na aliyaona kama Bwana Ouma alivyoyaona.

"Bwana Ouma, mimi niseme sina dala, sina boma? Na siku nikikufa mtanizika wapi? Kwa ofisi?"

Mwaka huo, kwa sababu ya kesi moja ya mazishi mahakamani, nchi nzima ilikuwa ikibishana, sokoni na kanisani, juu ya mtu anapaswa kuzikwa wapi, na Bwana Ouma hakutaka kuingia humo akiwa kazini. Alisema ni kwa siku moja tu.

"Mlango ya mzee wangu iko pale Asembo inanitazama. Siwezi kuikana juu ya blanketi. Wewe badilisha hiyo kanuni yako."

"Kanuni haibadilishwi na aliyeitunga, mama," alisema Bwana Ouma. "Huo utakuwa upendeleo."

Waliachana hivyo. Bwana Ouma alikasirika, kwa maana hakuna kinachomuudhi afisa kama mwananchi anayekataa kusaidiwa. Akamgeukia mlinzi Opiyo. Mzee Opiyo alikuwa analala kwenye kibaraza cha chumba namba kumi na mbili, mgongo kwenye mlango uliofungwa, ili kuulinda, hivyo kwa sura tu alikuwa tayari nusu njia. Kwa ahadi ya buti mpya za mvua alikubali kutokuwa na boma siku ya Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi wakati wa chakula. Walifanya mazoezi siku nne. "Sina boma, Mheshimiwa," alisema mzee Opiyo, kichwa chini, kofia mkononi, na Milka akasema kama angekuwa mtu wa kulia angelia.

Ijumaa ikafika. Palikuwa na hema, viti vya kukodi, kwaya ya akina mama wa kanisa, na utepe mwekundu kwenye mlango wa chumba namba moja. Waombaji wote mia mbili na kumi na wanne walikuja, kwa sababu ilitangazwa kwamba leo uji utanywewa na umma. Kartar Singh alikaa mbele na kilemba chake cha buluu, akikagua kuta zake. Na nyuma ya hema palikuwa na lori la mbolea, limejaa, dereva amekaa ndani na injini inanguruma, maana Nairobi walikuwa watu wa kujipanga.

Bwana Wakhisi alikuwa mtu mnene mwenye miwani midogo na imani kubwa ya kujionea mwenyewe. Alihutubia kwa saa moja na robo juu ya makao. Kisha akaomba aletewe asiye nayo. Mzee Opiyo akasogezwa mbele, kofia mkononi, na Bwana Wakhisi akachukua fomu akamwuliza kwa sauti ya huruma, "Mzee, una boma?"

Mzee Opiyo alifungua mdomo. Bahati mbaya aliinua macho, na kwenye mstari wa pili akamwona shemeji yake wa Seme, ameketi mikono kifuani, anasubiri kusikia. Mzee Opiyo akavaa kofia.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu ya Seme. Boma yetu lango inaangalia ziwa. Nyumba yangu ni ya kwanza hapo langoni, kwa sababu mimi ndio mkubwa. Mtu anasema Opiyo hana boma, asimame hapa nimuone."

Watu wakapiga makofi, kwaya ikaanza wimbo, na shemeji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Buti za mvua zilikuwa zimekwenda, lakini mzee Opiyo alirudi kukaa kama mtu aliyelipwa. Bwana Wakhisi alivua miwani akaifuta.

"Bwana Ouma," alisema, "nimetoka Nairobi kuja kuona mtu mmoja."

Bwana Ouma alisema maombi yanashughulikiwa. Bwana Wakhisi akampungia mkono dereva wa lori, na lori likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea milango ya kijani.

Selpha aliliona. Alikuwa amesimama pembeni na watoto wake watatu waliovaa sare za shule, na alijua mbolea ikishaingia ndani ya nyumba haitoki. Hofu yake ilikuwa ya waziwazi. Akamwambia mkubwa wao amshike mdogo, akaenda mbele bila kuitwa, akasimama kwenye zulia.

"Mheshimiwa, pole. Hiyo fomu inaulizwa kila mtu ama inaulizwa maskini peke yake?"

Bwana Wakhisi aliangalia fomu. Ilisema "mkazi yeyote wa Kisumu".

"Basi kuna mmoja hajaulizwa," Selpha akasema, na akamgeukia Msimamizi Mkuu. "Wuod Alego, mwana wa Alego, na wewe?"

Bwana Ouma alicheka. Alicheka peke yake, kwa hiyo akaacha. Bwana Wakhisi, ambaye lazima aondoke na picha, akamwuliza kama ana boma, naye akajibu kwa haraka kwamba analo, la marehemu baba yake, Alego.

"Ukiingia langoni, nyumba yako iko upande gani, na ni ya ngapi?"

Milka akatazama saa. Alifanya hivyo kwa mazoea, na watu mia mbili na kumi na wanne wakajua anatazama nini.

Bwana Ouma aliiona Alego yote mbele yake. Nyumba yake ya ujana, ile aliyoijenga na ndugu zake alipokuwa na miaka kumi na minane, ilianguka kwenye mvua kubwa ya sitini na moja. Ndugu yake mdogo alipanda mihogo pale mahali, akaomba ruhusa, akapewa. Sasa ni mihogo upande wa kulia au ni mihogo upande wa kushoto? Aliona aibu, aibu ya kweli, ambayo hata wino wa kijani hauiandiki. Ukimtoa kwenye namba sita Milimani, mtu huyu mwenye miaka arobaini na tisa hakuwa na ukuta hata mmoja duniani wa kuegemea.

"Nusu dakika," alisema Milka.

"Ninayo nyumba Milimani," alisema Bwana Ouma.

"Hiyo ni ya serikali," alisema Bwana Wakhisi. "Hata mimi nalala ya serikali." Kisha akaonekana amekumbuka kitu, akaikunja fomu haraka na kuitia mfukoni kabla ya mtu mwingine kufikiria kuuliza.

Lori likasimamishwa. Utepe ukakatwa. Bwana Ouma alivishwa blanketi moja na kushikishwa la pili, akapewa kikombe cha uji na ufunguo namba moja, na mpiga picha akamwomba aonyeshe shukrani. Kartar Singh alimpa mkono, akamnong'oneza kwamba mvua ikinyesha ule mlango huvimba kidogo, asukume kwa bega. Kanuni ya Kumi, aliyoitunga mwenyewe, ilisema anayepewa chumba arudishe makao mengine yote ya umma ndani ya saa ishirini na nne. Akarudisha.

Bado kulikuwa na vyumba kumi na kimoja, na dereva wa lori alikuwa hajazima injini. Lakini Milka, ambaye alizipiga chapa kanuni zote na ndiye pekee aliyezisoma mpaka mwisho, akaikumbuka Kanuni ya Tisa. Bwana Ouma aliitunga baada ya semina moja, akiwa na mafua. Ilisema kwamba asiye na makao asiachwe peke yake, bali azungukwe pande zote na majirani wenye boma lililothibitishwa, wamfundishe desturi za kuishi nyumbani. Na majirani hao watahesabiwa kuwa huduma ambatani. Bwana Wakhisi akaisoma mara mbili na kusema ni kanuni ya hali ya juu. Majalada mia mbili na kumi na manne yakaletwa. Lililothibitishwa kuliko yote lilikuwa na mihuri tisa.

Selpha aliingia chumba namba mbili saa tisa alasiri, na watoto, na karai. Saa kumi na moja mvua ikanyesha, mvua ya kweli, na alikaa kitandani akiisikiliza kwenye mabati ya Kartar Singh mpaka mtoto mdogo akamwuliza kwa nini analia na huku hawaloi.

Bwana Ouma alipata cheo chake. Msimamizi wa Mkoa, makazi chumba namba moja. Kila asubuhi Selpha humpelekea uji na kumwonyesha jambo moja la maisha, kama vile kufagia, au kuazima chumvi na kuirudisha. Na kila Jumatatu humwuliza swali, kwa sababu fomu inataka, naye husita, na Selpha huandika kwamba mlengwa anaendelea vizuri ila bado.

Mwezi wa Juni, mvua ilipopungua, Bwana Ouma alimwendea na ombi la likizo, limeandikwa kwa mkono. Alitaka kwenda Alego wiki tatu. Alikuwa amezungumza na ndugu yake kuhusu mihogo, na alikuwa tayari kujenga, kweli safari hii. Alisema usiku halali kwa kuwaza. Ombi lilihitaji sahihi ya huduma ambatani.

Selpha alilisoma lote. Hakuwa na roho mbaya, na mtu anayetaka kujenga kwao ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini akijenga atakuwa na boma, akiwa na boma kitengo hakitakuwa na mlengwa, na bila mlengwa hakuna majirani. Akatazama ile milango kumi na mmoja ya kijani, nguo zikikauka, mzee Opiyo amekaa kwenye kizingiti cha namba kumi na mbili, ndani ya mlango safari hii. Akaomba kalamu. Bwana Ouma akampa yake, yenye wino wa kijani.

"Maombi yako yanashughulikiwa, Bwana," akasema Selpha, na akalitia ombi chini ya karai, bila sahihi.